Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende: Jeraha, Uvimbe na Historia ya Ziwa Letu





Methali hiyo hapo juu tumeisikia tangu utotoni. Kwetu huku Gatete na Rumonge si maneno ya kupambia mazungumzo tu. Mwenye shamba la michikichi hushika panga kila siku, na mchikichi wenyewe una miiba. Mvuvi huchomwa na ndoana na miba ya samaki. Anayepika mawese hurukiwa na mafuta ya moto. Kila siku ngozi ya mtu mmoja wetu hupasuka, na muda si mrefu yanaonekana mambo manne yale yale: mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na panauma. (Kwenye ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani wazi, huonekana ngozi imekoza rangi au inang'aa.)

Je, uvimbe huo ni adui au ni rafiki? Tuukandamize upesi au tuuache ufanye kazi yake? Swali hili limewashughulisha watu kwa karibu miaka 2,000, na majibu yasiyo sahihi yamegharimu masikio, macho, viungo na hata maisha. Leo tunataka kulijibu kupitia kisa cha kweli kilichotokea katika Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Mwenye kisa alikiandika mwenyewe, na somo lake linatufaa mpaka leo.

WAGENI WAWILI WAGONJWA

Februari 13, 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walilifikia Ziwa Tanganyika wakifuata njia ya misafara ya biashara kutoka pwani. Walikuja kulitafuta ziwa ambalo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wakilijua tayari. Walifika wakiwa hoi. Burton alikuwa amedhoofishwa na homa hata miguu yake haikumbeba vizuri. Speke macho yake yalikuwa yamevimba na kuwaka kiasi kwamba karibu haoni. Mtu aliyetembea miezi mingi kulitafuta ziwa, alipofika hakuweza kuliona sawasawa.

Wakakaa Ujiji. Mwezi wa Machi Speke alipanda mtumbwi pamoja na Sidi Mubarak Bombay, yule Mwafrika aliyekuwa mkalimani na msaidizi wake. Nia yao ilikuwa kuvuka mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na ufukwe wa magharibi ambao leo ni Kongo. Huko alikuwapo mfanyabiashara wa pembe, Sheikh Hamed bin Sulayyim, mwenye jahazi. Speke alitaka kulikodi ili walizunguke ziwa. Sheikh alimpokea kwa ukarimu, ila jahazi hakulipata. Lakini kabla ya kufika Kasenge palikuwa na usiku mmoja ambao hakuusahau.

USIKU WA KIVIRA

Walipumzika katika kisiwa cha Kivira. Usiku ikaja dhoruba ya mvua na upepo ikaling'oa hema. Upepo ulipotulia, mshumaa ukawashwa ili vitu vipangwe upya. Mwanga ule ukaita vidudu vyeusi vidogo vyenye mabawa magumu, jamii ya mbawakawa, vikajaa hema zima. Speke alichoka kuvifukuza, akalala navyo hivyo hivyo.

Kidudu kimoja kikaingia sikioni, kikawa kinachimba kuelekea kwenye ngoma ya sikio. Ndugu wasomaji, aliyewahi kuingiwa na mdudu sikioni anaijua adha yake: kinachotambaa ni kidogo, lakini kelele yake ni kama ya trekta kichwani. Speke anaeleza kwamba alitafuta tumbaku, mafuta na chumvi, vyote havikuwapo. Akayeyusha siagi akaimimina. Haikusaidia. Mwisho akachukua ncha ya kisu kidogo cha mfukoni akakichoma kile kidudu.

Kidudu kilinyamaza, lakini kisu kilijeruhi sikio. Ndipo mambo yote yakaanza. Sikio likavimba na kutunga usaha. Tezi kutoka sikioni kushuka shingoni mpaka begani zikavimba, na majipu yakajipanga njia nzima. Kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akawa anakunywa mchuzi tu. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi. Kila akipenga kamasi, hewa ilitokea sikioni kwa mluzi, na watu waliokuwa karibu wakacheka. Miezi sita au saba baadaye vipande vya kidudu, mguu au bawa, vilikuwa bado vinatoka pamoja na nta ya sikio.

Mwezi wa Aprili, sikio likiwa bado bovu, Speke na Burton walisafiri kwa mitumbwi miwili kutoka Ujiji kwenda kaskazini. Walipita ufukwe huu wa Urundi, kisha wakavuka kwenda Ubwari ng'ambo, na Aprili 26 wakafika Uvira. Burton naye safari hiyo alikuwa na vidonda vya ulimi hata kuongea ilikuwa taabu. Kwa hiyo mitumbwi iliyopita mbele ya pwani yetu mwaka ule ilibeba kiziwi mmoja na mwenzake asiyeweza kusema vizuri, wote kwa sababu ya uvimbe.

MOTO KUVUTA MOTO

Speke aliandika jambo jingine la kushangaza: kwamba balaa la sikio lilimfaa macho. Aliamini kuwa moto wa sikioni uliuvuta moto uliokuwa machoni, na macho yakapata nafuu.

Imani hiyo haikuwa yake peke yake. Waganga wa Kigiriki walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakizidi mahali pamoja, pale panavimba. Dawa yake ni kuyavuta yaende kwingine, kwa kuumika, kutoa damu au kuchoma ngozi kwa chuma cha moto. Hata Kiswahili chetu kimebakiza masalia ya elimu hiyo: "balghamu" ni kohozi, na neno "safura" asili yake ni Kiarabu cha nyongo ya manjano.

Elimu hiyo ilipita katika mikono ya Waislamu. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki Hamadan mwaka 1037, aliipanga katika kitabu chake Al-Qanun fi at-Tibb. Humo alieleza uvimbe kwa jina la "waram", akitofautisha uvimbe wa moto na usio wa moto. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Neno jingine la Kiarabu ni "iltihaab", ambalo linatokana na "lahab", yaani mwako wa moto. Watoto wa madrasa wanalifahamu neno hilo kutokana na jina la Abu Lahab. Warumi nao waliliita jambo hili kwa neno lenye maana ya kuwashwa moto, na ndilo lililozaa jina wanalotumia madaktari leo: inflamesheni.

Mrumi aitwaye Celsus, katika karne ya kwanza, ndiye aliyeziorodhesha zile alama nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano: kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Speke alikuwa nazo zote tano.

Waliotutangulia hawakuwa wajinga. Waliona vizuri kwa macho na wakaandika kwa uaminifu. Kilichowakosesha ni chombo cha kuwaonyesha kilichokuwa kikiendelea ndani. Macho ya Speke huenda yalipata nafuu kwa sababu tu muda wake wa kupona ulikuwa umefika. Hatuzungumzii hapa hukumu ya hijama, hilo lina wenyewe. Tunasema tu kwamba jeraha lenye usaha halitibiwi kwa kufungua jeraha jingine.

WALIOONA KWA HADUBINI

Kabla ya Speke alikuwapo daktari mpasuaji wa London, John Hunter. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1794, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alisema uvimbe si ugonjwa wenyewe, bali ni kazi ya mwili yenye manufaa, mwili unapokabiliana na jeraha au ugonjwa. Ilikuwa kauli nzito, lakini hakuweza kuonyesha nani anaifanya kazi hiyo.

Mwaka ule ule wa 1858, Speke akiwa anauguza sikio huku, Rudolf Virchow kule Berlin alichapisha kitabu chake kilichofundisha kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya chembe hai za mwili, yaani seli, wala si katika majimaji manne. Mwaka 1867 mwanafunzi wake, Julius Cohnheim, aliweka viungo vya chura chini ya hadubini na kutazama. Aliona mishipa midogo ikitanuka, damu ikipunguza mwendo, na chembe nyeupe za damu zikijikunja na kupenya ukuta wa mshipa kwenda nje. Hivyo ikajulikana kwamba usaha si majimaji yaliyooza tu. Umejaa chembe nyeupe zilizotoka katika damu.

Zinakwenda kufanya nini huko? Jibu lilitolewa na mwiba. Mwaka 1882 Ilya Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama kutoka Urusi, alikuwa Messina katika kisiwa cha Sicily. Alimchoma kwa mwiba wa waridi kiluwiluwi cha kiti cha pweza, kiumbe wa baharini ambaye mwili wake unapitisha mwanga. Kesho yake asubuhi aliona chembe zimeuzingira ule mwiba pande zote. Akatambua kwamba ni chembe zinazomeza vitu vigeni. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Methali yetu inamtaja mwiba na mguu uliovimba, na katikati yao ndipo alipochungulia Metchnikoff.

TURUDI KATIKA SIKIO LA SPEKE

Sasa tunaweza kueleza lililompata, hatua kwa hatua.

Kwanza, kengele ya hatari. Kisu kilipopasua ngozi, seli zilivunjika na vilivyomo vikamwagika. Seli za ulinzi zinazokaa chini ya ngozi zikatambua, zikatoa kemikali, mojawapo ikiitwa histamini. Mishipa midogo ikatanuka na damu nyingi ikaja. Ndiyo sababu ya wekundu na joto, kwa kuwa damu hutoka ndani ya mwili ambako kuna joto zaidi kuliko kwenye ngozi.

Pili, mishipa ikavuja. Maji ya damu yakatoka yakiwa na protini za kugandisha damu na za kupambana na vijidudu. Huo ndio uvimbe. Katika mkono uvimbe hupata nafasi, lakini tundu la sikio ni jembamba na ngozi yake imebana kwenye gegedu na mfupa, hivyo kila tone linalovuja linakandamiza. Kiungo cha taya nacho kiko mbele tu ya tundu hilo. Ndiyo maana hakuweza kutafuna.

Tatu, maumivu. Zinatengenezwa kemikali nyingine ziitwazo prostaglandini, ambazo huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi. Maumivu hukulazimisha ukipumzishe kiungo. Aspirini ilitengenezwa mwaka 1897, lakini ni mwaka 1971 ndipo John Vane wa Uingereza alipoonyesha kwamba inafanya kazi kwa kuzuia kutengenezwa kwa prostaglandini hizo.

Nne, askari. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwamo chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Za kwanza kufika, ndani ya saa chache, huitwa nutrofili. Humeza vijidudu na nyingi hufia hapo hapo. Maiti zao, pamoja na vijidudu na seli zilizoharibika, ndio usaha. Baada ya siku moja au mbili hufika nyingine kubwa zaidi, makrofaji, ambazo humeza takataka na kutoa ishara kwamba ujenzi uanze.

Tano, vituo vya ukaguzi. Maji yaliyovuja hurudi kwa njia ya mishipa ya limfu na kupita katika tezi. Mtu mwenye kidonda mguuni huvimba tezi za kinenani, zile tunazoziita mitoki. Mwenye kidonda sikioni huvimba za shingoni, kama Speke.

Na ule mluzi je? Yeye alidhani uvimbe umetoboa njia kutoka sikioni hadi puani. Lakini njia hiyo tunayo sote. Ni mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua, nao ulielezwa na Bartolomeo Eustachi wa Italia katika karne ya 16. Kilichotoboka, kwa maelezo yanayofaa zaidi, ni ngoma ya sikio. Ngoma ikiwa na tundu, hewa ya kupenga hupanda kwa mrija huo na kutokea nje ya sikio.

Kwa nini ilichukua miezi? Kwa sababu kidudu kilibaki ndani. Jeraha safi huvimba, husafishwa, hujengwa na kuacha kovu. Askari wakimaliza kazi hupewa amri ya kurudi. Lakini kitu kigeni kikibaki, amri hiyo haitoki. Basi tatizo la Speke halikuwa uvimbe. Tatizo lilikuwa kisu kilichofungua njia na vipande vilivyobaki.

MOTO USIOZIMIKA

Hapo ndipo rafiki anaweza kugeuka kuwa msiba. Mfano uko karibu nasi: kichocho cha matumbo, ambacho kipo katika tambarare hii ya Imbo kandokando ya ziwa. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimgundua mnyoo wa jamii hii Cairo mwaka 1851. Lava wake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Mnyoo anaweza kuishi mwilini miaka mingi, na jike la aina ya huku hutaga mayai mamia kila siku. Mengine hutoka na choo, mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama. Askari wa mwili huzingira kila yai kama walivyouzingira ule mwiba wa Messina. Lakini mayai hayaishi kuja. Kuta za kovu huongezeka mwaka hadi mwaka, njia za damu ndani ya ini huziba, na tumbo hujaa maji. Madhara makubwa hayaletwi na mnyoo mwenyewe, huletwa na uvimbe usiokoma. Dawa ya prazikwanteli humwua mnyoo, kwa hiyo huondoa chanzo.

Trakoma nayo ni hivyo hivyo. Macho huvimba tena na tena tangu utotoni, makovu huvuta kope ndani, na kope hukwaruza jicho mpaka upofu. Alhamdulillah, mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Burundi imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya jamii. Hilo halikuja kwa kuupiga vita uvimbe peke yake. Lilikuja pia kwa dawa ya kuua kijidudu, kunawa uso na usafi.

Jibu la swali letu basi ni hili: uvimbe ni mfanyakazi. Usimchukie, wala usimwachie kazi isiyokwisha. Ondoa kilichomwita.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

1. Jeraha lioshwe mapema kwa maji safi mengi na sabuni. Mwiba au kipande kilichobaki kitolewe. Kikiwa kimezama sana, nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

2. Aliyeungua kwa mawese au maji ya moto amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala udongo.

3. Usiingize sikioni kijiti, pini, njiti ya kibiriti wala kisu. Mdudu aliye hai akiingia, mgonjwa alale ubavu, sikio lielekee juu, yadondoshwe matone ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu, kisha apelekwe akatolewe. Usifanye hivyo kama sikio linatoa usaha au limewahi kutoboka.

4. Usikamue jipu, hasa la usoni.

5. Usimpe mtoto mwenye homa aspirini bila kuelekezwa na daktari.

6. Wekundu unaosambaa, mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda, homa, taya kukaza, au uvimbe unaodumu wiki nyingi: hizo ni dalili za kwenda hospitali, si za kungoja.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Pitisha ukingo butu wa rula kwa nguvu kidogo juu ya ngozi ya ndani ya mkono, bila kujichubua. Tazama kwa dakika chache. Kwanza hutokea mstari mwekundu, kisha wekundu huenea pembeni, na kwa baadhi ya watu mstari huinuka. Daktari Thomas Lewis wa London aliyaeleza mambo haya matatu mwaka 1927. Mwambie mdogo wako kila hatua inatokana na nini. Ukiweza kumweleza akaelewa, umelifahamu somo.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote na atuzidishie elimu yenye manufaa. Na mwiba, hata ukiwa mdogo kiasi gani, tusiudharau.

Wabillahi tawfiq.